Darubini ya Wi-Fi inayogoma nje ya programu yake: dalili na vyanzo vyake

Darubini za Celestron za aina ya Astro Fi ziliingia sokoni mwaka 2016 bila rimoti ya mkononi. Unawasha stendi yake yenye mota, unaunganisha simu na Wi-Fi yake, na programu ya SkyPortal inaendesha kila kitu. Kwa usiku wa kwanza ni mpango mzuri. Taabu huanza siku unapotaka kuitumia na programu za ramani ya anga kwenye kompyuta kama Stellarium au KStars, au programu ya kupiga picha za anga. Unabonyeza, unasubiri, hakuna kinachotokea. Wengi huhitimisha hapohapo kwamba kifaa kimefungwa kwa ufunguo wa kiwandani.

Hakuna ufunguo. Moduli hiyo ya Wi-Fi, iwe imejengwa ndani ya stendi kama kwenye Astro Fi na NexStar Evolution, au ni ile ya nje inayochomekwa kwenye tundu la AUX (la vifaa vya ziada), husikiliza mtu yeyote aliyejiunga na mtandao wake. Shida ni kwamba stendi yenyewe haijui anga, na dalili nyingi nitakazozitaja hapa chini zinatokana na hilo.

Bodi za mota zinajua pembe tu. Mota ya kuzunguka inajua imefika wapi, na mota ya kupanda na kushuka vilevile. Mzunguko mmoja kamili umegawanywa vipande 16,777,216, kila kimoja kikiwa karibu sekunde 0.077 za tao, na hapo ndipo elimu yao inapoishia. Saa ni ngapi, uko Mwanza au Lamu, Mshtarii iko upande gani: hayo yote yanakokotolewa ndani ya simu. Zamani hesabu hizo zilifanywa na rimoti ya Celestron iitwayo NexStar, ndiyo maana kompyuta iliweza kuiambia rimoti "nenda kwenye viwianishi hivi vya anga" ikatii. Rimoti ilipoondolewa, akili yake iliondoka nayo. Ukiitaka darubini hii ifanye kazi na programu za kawaida, tafuta kitu kingine cha kukalia kiti cha rimoti.

Simu au kompyuta imeshika Wi-Fi ya darubini, lakini programu inasema haioni kitu

Anza hapa, kwa sababu chanzo mara nyingi ni kidogo na kinachosha watu saa nzima. Mtandao wa stendi huonekana kwa jina linaloanza na Celestron, na anwani yake ya IP ni 1.2.3.4, poti 2000. Anwani hiyo si ya kawaida kwa mtandao wa nyumbani. Ni anwani halali ya intaneti ya nje. Simu ikiona kwamba Wi-Fi ya darubini haina intaneti, inaweza kuhamia kwenye data ya laini bila kukuuliza, na ujumbe wako wa kwenda 1.2.3.4 unaelekea mnarani badala ya kwenda kwenye stendi iliyo mita mbili kutoka ulipo. Zima data ya simu. Zima VPN pia. Simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Kwenye iPhone yenye iOS 14 au mpya zaidi, ingia kwenye mipangilio ya faragha uone kama programu imeruhusiwa kufikia vifaa vya mtandao wa karibu. Mtu akigusa "hapana" mara moja bila kusoma, programu itabaki kiziwi mpaka urudi kuruhusu.

Kwenye kompyuta kosa hujitokeza kwa namna nyingine: inaiacha Wi-Fi ya darubini na kurudi kwenye Wi-Fi ya nyumbani inayoikumbuka. Ondoa alama ya kujiunga yenyewe kwenye mtandao wa nyumbani kwa usiku huo. Kama unahitaji intaneti wakati huohuo, ilete kwa waya wa mtandao au kwa kifaa cha pili cha Wi-Fi cha USB.

Mtandao upo, anwani inajibu, Stellarium iko kimya

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Wameingiza 1.2.3.4 na poti 2000 kwenye Stellarium, na muunganisho umekubali. Kisha kimya.

Ni kwa sababu Stellarium inatarajia upande wa pili kitu kinachoelewa viwianishi vya anga, na hakipo. Moduli inazungumza lugha ya waya wa AUX, yaani pakiti fupi za baiti zinazopelekwa moja kwa moja kwa bodi za mota. Kila pakiti huanza na 3b, ikifuatwa na urefu, mtumaji, mpokeaji, amri, data kama ipo, na mwisho baiti moja ya kuhakiki. Kabla ya kulaumu programu yoyote, hakikisha kwanza kwamba mota zenyewe zinajibu. Kwenye Linux au Mac fungua dirisha la amri, ukiwa kwenye Wi-Fi ya darubini, uandike:

printf '\x3b\x03\x20\x10\xfe\xcf' | nc -w 3 1.2.3.4 2000 | xxd

Maana yake: mimi ni programu (20), nazungumza na mota ya kuzunguka (10), nieleze toleo lako (fe). Jibu zuri huanza na 3b, kisha urefu wa 05 au 07, kisha 10 20 fe, yaani mtumaji na mpokeaji wamebadilishana nafasi, na baada ya hapo namba za toleo. Ukiona kwanza baiti zako ulizotuma zikirudi kama zilivyo, usishtuke: waya wa AUX ni mmoja kwa kusema na kusikiliza, kwa hiyo msemaji anaweza kujisikia mwenyewe. Tafuta jibu nyuma yake. Kuijaribu mota ya mwinuko, badilisha 10 iwe 11 na cf iwe ce.

Jaribio hili dogo linagawa matatizo vizuri kuliko kitu kingine ninachokijua. Kama hata muunganisho haufunguki, rudi kwenye sehemu iliyotangulia, tatizo ni mtandao. Kama unafunguka lakini hakuna bodi inayojibu, moduli iko hai na waya kati yake na mota ndio wa kutazama. Kwenye moduli ya nje, chomoa plagi ya AUX uichomeke tena mpaka ilie. Mota moja ikijibu na nyingine ikanyamaza, kasoro iko ndani ya stendi na hakuna programu itakayoiponya. Zote mbili zikijibu, darubini yako ni nzima kabisa. Kilichobaki ni kuipa akili.

Njia za kuipa akili ni nne ninazoziamini.

Kwenye Windows, tumia CPWI, programu ya bure ya Celestron iliyotengenezwa pamoja na PlaneWave. Inaijua lugha ya AUX kupitia Wi-Fi, inafanya ulinganishaji wa nyota (unailenga kwenye nyota chache unazozijua ili programu ijue stendi imekaaje), halafu inajifungua kwa programu nyingine kupitia ASCOM, kiunganishi cha programu za anga kwenye Windows. Sakinisha ASCOM kwanza, kisha CPWI, unganisha darubini ndani ya CPWI, fanya ulinganishaji, na ndipo uende Stellarium uchague ASCOM. CPWI lazima ibaki imefunguliwa muda wote. Ukiifunga, umeondoa mkalimani katikati ya mazungumzo.

Kwenye Linux, hata kwenye Raspberry Pi ndogo, tumia INDI, mfumo wa kuendesha vifaa vya anga, pamoja na kiendeshi chake cha Celestron AUX. Kwenye ukurasa wa muunganisho chagua mtandao, weka 1.2.3.4 na 2000. KStars itaiona moja kwa moja, na Stellarium inaweza kujiunga na seva hiyohiyo ya INDI kwenye poti 7624. Kwa anayetaka kupiga picha naipenda njia hii kuliko zote, kwa sababu Raspberry Pi inabaki nje na darubini nawe unakaa ndani.

Kwenye simu au kompyuta kibao, SkySafari ya Plus au Pro ina chaguo la Celestron Wi-Fi na inafanya hesabu yenyewe.

Njia ya nne ni kuirudisha rimoti. Rimoti ya NexStar+ ikichomekwa kwenye AUX ya Astro Fi inaleta akili ya zamani, na ukiiunganisha na kompyuta kwa USB, chaguo la NexStar kwenye Stellarium litafanya kazi kama lilivyokusudiwa. Onyo moja ambalo nataka ulishike: tundu la AUX lina umeme wa volti 12 kwenye moja ya pini zake. Usitengeneze waya wa kulipeleka moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kukisia pini. Utachoma poti ya kompyuta, na huenda na bodi ya stendi.

Nimelinganisha nyota kwenye simu, kompyuta inasema haijalinganishwa

Na ni kweli haijalinganishwa. Ulinganishaji hauhifadhiwi ndani ya stendi, unakaa ndani ya programu iliyoufanya. SkyPortal haitoi huduma kwa programu nyingine, kwa hiyo kazi uliyoifanya humo inaishia humo. Chagua akili moja kwa usiku mzima. Vivyo hivyo kwa mwenye Evolution yenye rimoti na Wi-Fi: ukilinganisha kwa rimoti kisha ukaanza kuamuru kwa Wi-Fi, akili mbili zinazungusha mota zilezile bila kuambiana, na nyota hutoroka kwenye lenzi bila sababu inayoonekana.

Wi-Fi inapotea darubini inapoanza kuzunguka

Umeme. Sina haja ya kuzunguka. Betri 8 za AA zikishachoka bado zinaweza kuiwasha taa na Wi-Fi, lakini mota mbili zikianza kwa kasi ya juu volti hushuka, moduli inajizima na kujiwasha upya, na programu inakuambia muunganisho umekatika. Jaribu kusogeza mota moja kwa kasi ndogo. Ikiwa Wi-Fi inabaki, na kwa kasi kubwa inapotea, umepata jibu. Tumia chanzo cha volti 12 chenye uwezo wa ampia 2 au zaidi, plagi yake chanya ikiwa katikati. Betri ya pikipiki inafaa sana kwa kazi hii mashambani: weka fyuzi kwenye waya, na usiichaji wakati darubini imeunganishwa.

Nimeiingiza kwenye Wi-Fi ya nyumbani, sasa 1.2.3.4 haijibu

Moduli ikijiunga na ruta yako inapewa anwani mpya na ruta. Ile 1.2.3.4 ni ya mtandao wake yenyewe tu. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta kifaa kipya kwenye orodha, kisha ifunge anwani hiyo isibadilike kila usiku. Moduli pia hujitangaza kwenye mtandao kupitia UDP poti 55555, na baadhi ya programu huipata kwa njia hiyo. Kama ni Wi-Fi ya wageni ya hoteli au hosteli, mara nyingi ruta imewekwa izuie vifaa kuonana, basi hutafanikiwa. Rudi kwenye mtandao wa darubini yenyewe. Kumbuka pia kwamba moduli inatumia masafa ya GHz 2.4, hivyo mtandao wa GHz 5 pekee haitauona.

Kila kitu kimeunganishwa, lakini darubini inaelekea mahali pengine

Hapa pana mafunzo mengi, na baadhi ni yetu sisi wa Afrika Mashariki peke yetu. SkyPortal ilichukua saa na mahali kutoka kwenye simu, kwa hiyo hukuwahi kufikiria. CPWI na KStars zinaweza kutegemea ulichoandika kwa mkono.

Pima kosa kwa nyuzi kabla ya kugusa chochote, kwa sababu ukubwa wake unakutajia chanzo. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Kosa la nyuzi 90 ni saa 6, na saa 6 ndiyo tofauti kati ya saa yetu na saa ya kimataifa: mtu ametazama saa 2 usiku akaandika 2, ilhali kompyuta ilitaka 20. Kosa la nyuzi 45 ni saa 3: kompyuta imeachwa kwenye UTC badala ya UTC+3. Kosa la nyuzi 15 ni saa moja, kwa kawaida kisanduku cha kusogeza saa mbele wakati wa majira ya joto ya Ulaya kimewekewa alama, nasi huku hatubadilishi saa.

Latitudo nayo ina hila. Sisi tulio kusini ya ikweta lazima tuandike kusini, au alama ya kutoa. Ukisahau ukiwa Dar es Salaam, nyuzi 6.8 kusini, unapata kosa la nyuzi 13.6 ambalo utaliona mara moja. Ukisahau ukiwa Nairobi, nyuzi 1.3 kusini, kosa ni nyuzi 2.6 tu; nyota iko pembeni kidogo ya lenzi ya kutafutia, unaivuta katikati, unaendelea, na hutajua kamwe.

Ubaya wa makosa haya ni kwamba ulinganishaji wa nyota mbili unaweza kuyafunika. Kosa la saa ni sawa na kuizungusha anga nzima kuzunguka ncha yake, na hesabu ya ulinganishaji inaweza kuuchukua mzunguko huo kama sehemu ya jinsi stendi ilivyowekwa. Nyota zitapatikana vizuri. Lakini upeo wa macho na mipaka ya usalama ndani ya programu itakuwa ya uongo, na Mwezi utakusaliti: husogea karibu nusu nyuzi kwa saa kati ya nyota, kwa hiyo kosa la saa 6 linauweka nyuzi 3 kando, upana wa Mwezi mara sita. Darubini ikipata nyota zote na ikaukosa Mwezi, tazama saa ya kompyuta kabla ya kitu kingine chochote.

Kama jana ilikuwa sawa na leo kosa ni la ajabu lisilo na hesabu, tazama kama programu imebakiza vituo vya ulinganishaji vya jana. Stendi imebebwa, imewekwa upya, lakini kumbukumbu ni ileile. Vifute, anza upya. Na unapochagua nyota, ziwe mbalimbali na zisiwe utosini. Sirius na Canopus, ile ambayo mabaharia wa pwani waliiita Suheli, ni jozi nzuri kwa sababu zinaachana nyuzi 36 na zote zinang'aa. Jioni za Aprili naongeza Arcturus upande wa mashariki.

Nyota ikiruka kidogo kila unapobonyeza upande wa pili, hiyo ni nafasi kati ya meno ya gia. Ileteni nyota katikati ya lenzi kwa kubonyeza juu na kulia kila mara mwishoni, kwa kila nyota ya ulinganishaji, na tatizo litapungua sana.

Inafuata vizuri, kisha kitu kikiwa juu kabisa inakipoteza

Swali hili huulizwa zaidi na watu wa karibu na ikweta. Stendi ya aina hii huzunguka kwenye mhimili mmoja na kupanda kwenye mwingine, na kadiri kitu kinavyokaribia utosini ndivyo mota ya kuzunguka inavyolazimika kukimbia. Kwenye kilele cha nyuzi 80 inahitaji karibu mara 6 ya mwendo wa anga, na kwenye nyuzi 89 karibu mara 57. Wingu la Orion, M42, liko nyuzi 5.4 kusini mwa ikweta ya anga, hivyo kwa mtu wa Dar es Salaam linapita nyuzi 1.4 tu kutoka utosini. Katikati ya Desemba hufika hapo saa 6 usiku na dakika kadhaa, wakati uleule ambao darasa zima limekusanyika kulitazama, na darubini inajizungusha kama imechanganyikiwa.

Usibadilishe chochote kwenye programu. Litazame saa moja kabla, au saa moja baada. Wakati huo liko kwenye nyuzi 75 hivi na linapanda au kushuka karibu wima, kwa hiyo mota ya mwinuko inafanya karibu kazi yote na ile ya kuzunguka inapumzika. Ukiwa umefunga kamera nyuma ya darubini, weka kwenye programu kikomo cha mwinuko, nyuzi 80 au hata 75, kwa kuwa kamera ndefu inaweza kugonga mguu wa stendi kabla mkono wako haujafika kwenye swichi.

Kama yako ni ya kampuni ya Sky-Watcher

Mambo ni yaleyale, namba ni nyingine. Moduli ya SynScan Wi-Fi ina anwani 192.168.4.1 na inasikiliza UDP kwenye poti 11880, nayo pia inajua mota tu. Ukituma :e1 na kufuatiwa na alama ya kurudi mwanzo wa mstari, jibu zuri huanza na alama ya =. Nafuu yake ni kwamba programu ya SynScan inakubali kuwa mkalimani: ikiwa imefunguliwa na imelinganishwa, programu nyingine zinaweza kujiunga nayo kupitia TCP poti 11882 na kuipa viwianishi vya anga. Ifungue kwenye kompyuta ileile yenye Stellarium, au kwenye simu iliyo kwenye mtandao mmoja na kompyuta, na usiruhusu simu hiyo izime kioo: mifumo mingi huisimamisha programu iliyo nyuma ya kioo kilichozima, na muunganisho unakatika katikati ya safari ya kwenda Zohali.